Perege wa Arobaini

Haya sogeeni, na mwenye muwa autafune kimyakimya, maana jambo hili likinijia mpaka leo nashika kifua.

Palikuwa na dada watatu, mashangazi wa kichanga kimoja cha kike. Siwema alikuwa na pua: mpe maji kwenye kata, atakuambia yamepita wapi. Mwanjaa alikuwa na sauti: akiita kuku wake, wanakuja na wa ng'ambo. Chausiku alikuwa na nguvu za fahali, naye ndiye mlinzi wa mabwawa ya majitaka kule mjini. Uchafu wa mji mzima hulazwa bwawa la kwanza ukatuama, maji yakahamia la pili, kisha la tatu, ndipo yaachiwe mtoni kwa lango.

Arobaini ya mtoto ilipofika, mama yake, Zena, alimpeleka mtoni. Kwao mtoto huogeshwa mtoni na kuonjeshwa maji kwa kiganja, na akishatolewa nje harudi mkavu.

Siwema alikuwa anafua mto huohuo, mbali upande wa juu, asikoweza kusikika. Ghafla akaitupa khanga. "Yallah! Haya si maji, ni choo!" Kwa macho mto ulikuwa uleule. Akapanda kilima mbio mpaka shambani kwa Mwanjaa.

Mwanjaa hakuuliza mara mbili. "Wifiii! Usimwonjesheee!" Kiganja cha Zena kilikuwa mdomoni pa mtoto. Mdomoni, wajukuu zangu! Akayamwaga. Mwanjaa akageukia mjini: "Chausikuuu! Funga langooo!"

Pale mtoni Bi Tunu, mama wa wale dada watatu, akafoka. "Mjukuu wangu harudi mkavu. Nitangoja, lakini jua likigusa kilima anaogeshwa."

"Kwa mavi, mama?" Zena akalia.

"Kwa kitakachokuwemo!"

Kule mjini Chausiku alisikia wito wa Mwanjaa. Akakimbilia lango, akakuta limekwama kwa matambara. Akaingia mpaka shingoni, uchafu unampiga midomoni, akayang'oa kwa kucha na kwa meno. Lango likashuka. Siwema akashuka mtoni kwa Zena, akakaa ukingoni ananusa, ananusa, mpaka akasema, "Sasa ni mto wetu." Mtoto akaogeshwa, jua limebakiza nafasi ya kidole kugusa kilima.

Zena akasema, "Mawifi zangu, mtoto atachukua jina la aliyemwokoa."

Mara Chausiku akatokea, anatetemeka, kikapu cha perege mkononi. "Hawa wa karamu ya mtoto."

"Umewatoa wapi?"

"Bwawa la tatu. Nilifungua lango maji yapungue niwakamate. Nilidhani nitafunga kabla uchafu wa mabwawa ya nyuma haujasukumwa mpaka mtoni."

Zena akakaa chini pwaa, kama aliyepigwa teke. "Ni wewe?"

"Ni mimi, wifi."

Hakuna aliyegusa samaki. Kesho yake homa ikamwangusha Chausiku, haonji uji.

"Bila pua yangu nani angejua?" Siwema akasema, akilidai jina.

"Ungejua, ukamwambia nani?" Mwanjaa akamdaka. "Ungefika mtoni mtoto kashameza!"

Chausiku akainua kichwa mkekani. "Kosa nililifanya kwa kumpenda, na kinywani mwangu ndimo lilimoishia. Mpeni jina langu. Huenda nisiwepo kulisikia."

Zena akamtazama mtoto mapajani, akawatazama mawifi. Watu wamejaa mlangoni, wanangoja atamke. Mdomo umefunguka, neno halitoki.

Na mimi halinitoki. Basi semeni nyinyi, mmoja mmoja: ungekuwa Zena, mtoto huyu ungemwita nani?