Mlinzi Aliyekataa Kung'oa Nyasi

Mnisamehe, wenzangu, ngano hii nitaisimulia vibaya. Anayeijua ni mke wangu, naye kakataa kuja.

Hapo kale Mmaasai mmoja, Lesikar, alilinda mbuga ambamo hata jani moja halichumwi. Jioni moja anarudi, miguu inamwaka moto kwa uchovu, zimwi likamzibia njia.

"Nipe swala!"

"Hawaliwi humu."

"Nipe pundamilia!"

"Hawaliwi humu."

"Basi utaliwa wewe! Ila ng'oa nyasi uzishike mkononi, kama Wamaasai mwombavyo amani, nikuache."

Lesikar akazitazama nyasi. Miaka thelathini amewafukuza watu wanaozing'oa.

"Hazing'olewi," akasema, akajibwaga chini. "Niliwe tu, ndugu yangu. Ila kwanza niiage miti yangu."

Akaanza kwa sauti iliyochoka: kwaheri mgunga wa mtoni, kwaheri mgunga wa kilimani, kwaheri mgunga wa bondeni... Kufikia mgunga wa tatu, zimwi linakoroma. Likakoroma mpaka nyasi zikaliotea mgongoni, likawa kilima, swala wakapanda kula.

Ngano yangu imeishia hapo. Nanyi mlio nyuma, naona mmeshalala. Lesikar alililaza zimwi kwa kuchoka. Nyinyi nimewalaza kwa bidii yangu yote.