Pimbi, Kiboko na Alama ya Sabuni ya Nywii

— Wangu, mmekaa?
— Tumekaa, tandika.
— Niwapake au niwasuuze?
— Tusuuze, ila povu lisituingie machoni.

Haya basi. Hapo kale palikuwa na Pimbi, mnyama mdogo wa mviringo, hana hata mkia wa kujivunia, anaishi na wanawe mlimani kwenye majabali. Lakini msimwone hivyo. Pimbi alikuwa fundi wa sabuni. Alichoma maganda ya ndizi, akachekecha majivu, akatia mawese, akakoroga. Koro-koro, koro-koro, mpaka bega linauma. Na kabla sabuni haijakauka, aliikanyaga kwa mguu wake mmoja, pwa, unyayo ukabaki. Hiyo ndiyo alama yake.

Sabuni akaiita Nywii. Kwa nini Nywii? Kwa sababu sufuria ikisuguliwa nayo, ukipitisha kidole inalia nywiii. Ngiri, mama ntilie wa njia panda, alisugulia masufuria yake. Nywiii. Nyani alisugulia sakafu. Nywiii. Hata Nungunungu, ambaye kuoga kwake ni shughuli, alinunua. Pimbi akasifika mlimani na bondeni, wanawe wakala wakashiba.

Siku moja Korongo, ambaye ndiye Msajili wa Alama, alimkuta sokoni akamwambia, "Bi Pimbi, njoo ofisini uandikishe alama yako kabla haijawa ya mwingine."

Pimbi akacheka. "Mheshimiwa, nani asiyejua kwamba Nywii ni ya Pimbi? Hata mtoto wa mgongoni anajua. Niache niende, nina mawese jikoni, yataungua."

Akaenda zake. Pimbi alikuwa na akili nyingi, lakini siku hiyo aliziacha nyumbani.

Sasa huko bondeni alikuwapo Kiboko, mwenye bwawa. Majani ya upande huu, yangu. Majani ya upande ule, yangu pia. Kila asubuhi aliwaona wanyama wakija kuosha vyombo kwenye maji yake, na kila chombo kinalia nywiii, nywiii, na kila mdomo unamsifu Pimbi. Roho ikamuuma. Akatoka majini, akaenda mzigo-mzigo mpaka ofisini kwa Korongo.

"Andika," akasema. "Sabuni ya Nywii, na alama ya unyayo. Mwenyewe ni mimi."

Korongo akautazama ule unyayo, mdogo kama kifuniko cha chupa. Akautazama mguu wa Kiboko.

"Bwana Kiboko, huu ni unyayo wako?"

"Wa utotoni," akasema Kiboko.

Korongo akachukua kalamu. "Sawa. Lipa ada. Halafu tangazo litabandikwa mahali pa watu, na mwenye pingamizi aje kabla mwezi haujaandama."

"Libandike bwawani kwangu," akasema Kiboko. "Si ndiko wote wanakokunywa?"

Na kweli wote walikunywa huko. Wote isipokuwa pimbi, maana pimbi maji yake huyapata kwenye majani anayokula. Hashuki bwawani. Tangazo likabandikwa, likapigwa jua, likapeperuka kidogo pembeni. Wanyama wakalisoma, wakatazamana, wakamtazama Kiboko, wakainama wakanywa maji yao kimya. Mwezi ukaandama.

Kiboko akapanda mlimani akihema, huu-haa, huu-haa. Akamkuta Pimbi ameinua mguu juu ya sabuni mbichi.

"Teremsha huo mguu. Kuanzia leo Nywii ni yangu na unyayo ni wangu. Ukikanyaga sabuni, umeniibia."

Pimbi akadhani ni utani. Kiboko akamwonyesha cheti. Haukuwa utani.

Pimbi alikimbia mpaka kwa Korongo, akamweleza yote kwa pumzi moja.

"Nilikwambia," akasema Korongo.

"Uliniambia, nami nilikuwa mjinga. Lakini mashahidi wapo, wote wanajua."

"Mashahidi wanakunywa maji kwa nani?"

Korongo akabadilisha mguu wa kusimamia, maana alimwonea huruma. "Njia ni moja tu. Kiboko mwenyewe aje hapa, aseme kwa mdomo wake kwamba alama si yake. Na Kiboko unamjua. Kitu kikishaingia kwenye ule mdomo hakitoki."

Pimbi akarudi mlimani, akakaa juu ya jabali akalia. Sabuni zilizokwishakauka alizifunika kwa majani, kwa sababu kuziona tu kulimtia hasira. Wanawe wakauliza, "Mama, tutakula nini?" Akasema, "Nyamazeni, nafikiri." Akafikiri, akafikiri. Mwishowe akafuta machozi, akajipaka mafuta, akashuka bwawani kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Hongera, Bwana Mkubwa," akasema. "Nimekuja kusema kweli. Nywii ilikuwa inateseka kwangu. Sabuni kubwa hivi, mwenyewe mdogo hivi. Sasa imepata wa saizi yake."

Kiboko akajinyoosha. Hakuna aliyewahi kumwambia neno tamu namna hiyo kabla ya kifungua kinywa.

"Limebaki jambo dogo," akaendelea Pimbi. "Ahadi. Mimi sikuthubutu kuitoa, mimi nani? Lakini mwenye alama akiwa mkubwa, humwahidi mteja wake."

"Ahadi gani?"

"Unasema: sufuria isipolia nywii, niletee mimi, nitaiosha kwa mkono wangu. Wateja watagombania."

Kiboko akawaza. Sufuria zote zikisuguliwa kwa Nywii hulia. Basi ahadi haina kazi, ina faida tu. Siku ya gulio akasimama katikati ya soko akafungua mdomo, na sauti ikafika mpaka vilima vya ng'ambo: "Sufuria isipolia nywii, niletee mimi, nitaiosha kwa mkono wangu."

Wanyama wakapiga makofi. Pimbi alipiga zaidi ya wote.

Ikabaki kutengeneza sabuni. Kiboko alisikia kwamba inataka maganda ya ndizi. Akaletewa ndizi, akazila. Akaletewa maganda, akayala pia. Majivu yatoke wapi? "Sabuni ni kitu gani?" akasema. "Ni kitu cha kuteleza." Akachota tope la bwawani, akatia mafuta, akafinyanga, akachora unyayo kwa kijiti. Nywii hiyo, tayari.

Wanyama wakanunua. Wangekataaje, na maji ni yake?

Wa kwanza kurudi alikuwa Ngiri, na sufuria yake ya ugali, ile kubwa ya kulishia wapasua mawe. Ukoko chini, tope juu ya ukoko.

"Bwana Kiboko, shikamoo. Nimesugua, hailii."

"Sugua tena."

"Nimesugua tena, imezidi. Na wewe ulisema kwa mkono wako. Soko zima lilisikia."

Soko zima lilikuwa nyuma yake. Kwa Kiboko mmoja mmoja walikuwa waoga, lakini kila mmoja ameshika chombo kichafu, na mwenye chombo kichafu mkononi haogopi sana. Kiboko akachukua sufuria, akasugua. Kwaru-kwaru, kwaru-kwaru. Akapitisha kidole. Sufuria ikasema bwe.

"Hailii," akasema Ngiri.

Nyani akaleta kikaango. Kwaru-kwaru, kwaru-kwaru. Bwe. Nungunungu akaleta birika. Kwaru-kwaru. Bwe. Vyombo vikapangwa ukingoni mpaka vikaziba njia ya kuingia majini, na Kiboko yuko juani. Mnajua ngozi ya kiboko na jua. Ikaanza kukauka, ikaanza kupasuka, taa, taa. Akijaribu kuingia bwawani, wanasema, "Kwanza hii."

Pimbi alikuwa amekaa pembeni kivulini, anatafuna jani.

"Pimbi," Kiboko akalia, "hawa watu watoke. Waambie."

"Niwaambieje, Bwana Mkubwa? Wao wanamtaka mwenye alama."

Kiboko hakusikia zaidi ya hapo. Aliruka masufuria, akapiga mbio mpaka ofisini, na soko zima nyuma yake likiwa na vyombo, kwangala-kwangala. Akauangusha mlango wa Korongo.

"Futa. Alama si yangu, haijawahi kuwa yangu. Nywii ni ya Pimbi."

"Na unyayo wa utotoni?" akauliza Korongo.

"Nilipokuwa mtoto nilikuwa mkubwa hivi hivi. Ni wa Pimbi."

Korongo akafuta jina akaandika jina. Pimbi, mara hii, hakuwa na mawese jikoni. Alisimama pale pale akasubiri mpaka wino ukakauka, ndipo akapokea cheti chake.

Kiboko akageuka aende majini. Ngiri akamzibia njia kwa sufuria. "Na ahadi?"

"Muulizeni Pimbi, alama ni yake."

"Alama ni yangu," akasema Pimbi kwa upole, "lakini mkono uliotajwa sokoni ulikuwa wako."

Wakamtazama Kiboko. Kiboko akautazama ule mrundo wa vyombo. Tope halitoi tope, hata yeye sasa alilijua hilo. Jioni ile, mlimani kwenye majabali, wateja walipanga mstari, na mwisho wa mstari alisimama mmoja mkubwa, mgongo umepasuka. Zamu yake ikafika.

"Nataka Nywii," akanong'ona.

"Ya nani?" akauliza Pimbi.

"Yako, Bi Pimbi," akasema Kiboko, naye Pimbi akamfungia sabuni yake.

Basi wangu, funzo mmelipata. Msihangaike na maofisi. Ukiwa na kitu chako kizuri, kaa nyumbani ukoroge mawese. Atatokea mwizi, atakuandikishia, atakulipia ada, atakubandikia tangazo, kisha atakuletea mwenyewe huku anakimbia. Asipotokea, mlaumuni mwizi, msinilaumu mimi.

— Ngano nimeisuuza, nimeianika.
— Imekauka?
— Ikikauka vizuri, vaeni wote. Ikibaki na doa, mjue mliisugua na tope.
— Tumeivaa.