Jina la Binti wa Mwantumu

Hapo zamani, wala si ile zamani ya majini na wafalme, bali hii ya juzijuzi, zahanati ya Kwembago ikiwa imekwisha kuezekwa bati, baridi ilipanda mlimani pamoja na mafua. Yalikuwa mafua mabaya, ya homa na kikohozi. Yaliingia kila nyumba bila kubisha hodi. Mwalimu alikohoa, shehe alikohoa, hata mwizi wa kuku alikamatwa kwa kikohozi chake.

Wengi waliugua siku tano, siku sita, wakaamka, wakaenda shamba. Mwantumu, mke wa Mhina, hakuamka. Alikuwa na mimba ya miezi sita, na siku ya tisa bado alikuwa kitandani, anahema kama mtu aliyepanda mlima. Aliogopa, na zaidi alimwogopea yule wa tumboni, maana mateke yake yalikuwa yakipungua.

Wifi yake, Kidawa, dada wa Mhina, alikuja kumpikia. Kidawa alikuwa na mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Tangu mimba ianze alimtania Mwantumu kwamba kuchoka kwake ni uvivu. Hata siku ile, huku akikoroga uji, alimwambia, "Wifi, wenzako mafua wamekwisha kuyasahau. Wewe umeyapangisha chumba?" Mwantumu alicheka, na kicheko kikamkata pumzi.

Sasa, palikuwa na Bi Mashavu, muuzaji wa udongo wa kula, ule wa vipande ambao wajawazito huutafuna. Siku hizo kikapu chake kilirudi kimejaa, naye hakujua kwa nini. Akaamua kuwafuata wateja majumbani. Nyumba ya kwanza, mteja amelala na mafua. Nyumba ya pili, mteja amelala na mafua. Nyumba ya tatu, vilevile. Kwa Mwantumu ilikuwa nyumba ya saba. Bi Mashavu akasimama mlangoni, akawaza: mafua yamempata kila mtu, mbona wasioinuka ni wateja wangu? Hakuingia. Alikwenda moja kwa moja zahanati akamweleza Nesi Rukia yote, akijua kabisa kwamba maneno yake huenda yakaua biashara yake.

Nesi Rukia akachukua mkoba, akapita nyumba kwa nyumba. Kila mgonjwa alimvuta kope ya chini, akatazama ndani. Kope nyekundu, akapita. Kope nyeupe, akaandika. Waliokuwa bado wamelala walikuwa ishirini. Wenye kope nyeupe wakawa kumi na mmoja, na si walaji wa udongo tu, walikuwamo wazee na watoto pia. Aliwaeleza watu kwamba mafua hayachagui, lakini aliyepungukiwa damu hushindwa nayo upesi. Kwamba mtu huyo ndiye mara nyingi hutamani udongo, nao udongo humzidishia upungufu. Wengine aliwapa vidonge vya kuongeza damu, akawahimiza kula dagaa, maharage na matembele. Kope ya Mwantumu aliikuta nyeupe kama pamba. Alimwambia Mhina alete machela.

Hospitali ya bondeni ilipima wingi wa damu, ikakuta kipimo ni tano, na mjamzito anatakiwa awe na kumi na moja au zaidi. Ilibidi aongezewe siku ileile, na damu ya kundi lake haikuwapo. Mhina alipimwa, haikulingana. Kidawa alipimwa, ikalingana. Na Kidawa ni mtu wa kukimbia hata mwiba. Alifumba macho, akanyoosha mkono, akaomba asiambiwe wameanza wala wamemaliza. Siku ya tatu Mwantumu aliketi akadai wali. Siku ya nne mateke yakarudi.

Miezi mitatu baadaye alizaliwa binti, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya korongo. Huko Kwembago mtoto hupewa jina la mtu, na mtu huyo huwa somo yake maisha yote: humvika nguo ya kwanza, na siku ya kuolewa huketi karibu naye kuliko shangazi. Mwantumu alikuwa ameahidi mbele ya watu kwamba jina litakuwa la yule aliyewaokoa. Siku ya saba wakaja watatu, kila mmoja na kanga yake mpya mkononi.

"Mwanangu," alisema Bi Mashavu, "nisingesema mimi, nani angejua? Nimekimwaga kikapu changu. Sasa napika vitumbua, navyo vinaniungulia. Mtoto ni Mashavu, na mtazameni, si anayo?"

"Na udongo alilishwa na nani?" aliuliza Kidawa. "Mimi damu yangu inatembea mle ndani. Huyu ni wa kaka yangu, na sasa ni wangu pande mbili."

"Na aliyemwita mvivu miezi sita ni nani?" Bi Mashavu alimjibu.

Nesi Rukia alisema kwa upole kwamba mmoja alileta hesabu asiyojua maana yake, na mwingine alitoa mkono baada ya kuombwa. Aliyeutambua ugonjwa ni yeye.

"Nesi," alisema Mwantumu taratibu, "kila mwezi nilikuja kwako kupimwa uzito."

Nesi akainamisha kichwa. "Ulikuja, dada yangu. Na kope sikuitazama."

Mhina akakumbusha kwamba machela aliibeba yeye. Watu wakacheka hadi wakashika mbavu, wakamuuliza kama binti ataitwa Mhina.

Shehe ameinua mikono, anangoja jina. Mwantumu anawatazama wote watatu, mtoto kifuani, na kila anayemtazama, anaona haya kumnyima.

Haya, wanangu, msinijibu kwa pupa. Ulizaneni kwanza, kila mmoja na aliyeketi karibu naye. Aliyesema, aliyetazama, na aliyetoa: je, nani alistahili kuwa somo wa mtoto huyu?