Mdeki wa Fisi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Sema mwenyewe, bibi!
Pakawa gobori la Fisi na mdomo wa jirani. Haya, sogeeni. Wewe hapo pembeni, mikono yako niione. Mihogo yangu imo majivuni na mimi sijalala.

Basi, Fisi alikuwa na gobori, bunduki ya kizamani ya kushindiliwa baruti mdomoni. Alilipataje? Alisema ameliokota. Mwindaji mwenye gobori hakuonekana tena, lakini mimi sisemi kitu.

Kila jua likizama, kanga walirudi kulala juu ya mgunga, na kila wakirudi Fisi aliwalenga. Ta! Buu! Walioanguka aliwala peke yake, na manyoya, na miguu. Mkewe, Bi Mashavu, alilamba majani.

Sasa, katika shina la mgunga uleule palikuwa na tundu la Bi Kigong'ota, na ndani yake mayai. Jioni moja marisau, zile risasi ndogondogo za gobori, yakapiga shina, pa-pa-pa! Yai moja likapasuka. Kulipokucha akaenda kwa Fisi.

"Hodi, shemeji. Nina mayai mle mtini. Nakuomba upige upande wa pili."

"Mayai?" Fisi akameza mate. "Umefanya vizuri kunieleza. Nikiwamaliza kanga nitauangusha mgunga, niyaonje."

Kigong'ota akaikazia macho mikono ya Fisi. Fisi akamimina baruti, akatia marisau na tambara, akashindilia kwa mdeki, ile fimbo nyembamba ya mti. Kwi! Kwi! Kwi! Kisha akapima kipande cha mdeki kilichochomoza nje ya mtutu. Vidole vinne.

"Hicho ndicho kipimo changu," akasema. "Vikipungua, najua baruti imeibwa. Mimi siibiwi, bibi wee!"

"Kweli, shemeji, wewe huibiwi," akasema Kigong'ota.

Kanga walikuwa wamekimbilia bondeni kwa hofu. Fisi akaliacha gobori mlangoni limeshindiliwa, mdeki kando yake, akajilaza kivulini kuwangoja. Ngo! Ngo! Ngo!

"Nani huyo anagonga?"

"Ni mimi jirani yako, shemeji. Natafuta funza."

"Haya, gonga."

Na nani atamshangaa kigong'ota akigonga? Akaudonoa mdeki nchani mpaka ukafupika kidole kimoja, akaokota kila kipande, akaenda kuyatandikia mayai yake.

Fisi akaamka, akapima. Kwi! Vidole vitatu.

"Nimeibiwa! Bi Mashavu, njoo nikunuse mdomo!"

"Mume wangu, baruti nile mimi? Imekuwa ugali?"

"Na umejuaje kama ni baruti iliyoibwa?"

Akaongeza baruti, akashindilia mpaka vidole vikawa vinne, akalala. Ngo! Ngo! Ngo!

"Nani huyo anagonga?"

"Ni mimi jirani yako, shemeji. Natafuta funza."

"Haya, gonga."

Akaamka, akapima. Kwi! Vidole vitatu. Safari hii lawama zikamwangukia binamu yake, Mbweha, aliyekuja kuomba moto.

"Jana ulinisalimia kwa heshima. Kwa nini? Una jambo wewe!"

Mbweha akaondoka bila moto. Fisi akaongeza baruti, akashindilia.

"Shemeji," akasema Kigong'ota, "mimi si mtu wa maneno. Ila nimewaona mkeo na Mbweha wakinong'ona."

Na walinong'ona kweli: walikuwa wakiulizana kama Fisi amerukwa na akili.

"Nilijua!" Fisi akaguta. "Jirani, nimebaki na wewe tu wa kumwamini."

Akalala, ngo, ngo. Akaamka, akaongeza. Akalala, ngo, ngo. Akaamka, akaongeza. Mtutu ukavimbiwa.

Hapo Kigong'ota akaruka hadi bondeni. "Jamani, rudini mkalale mtini."

Kanga mkubwa akamtazama kwa jicho moja. "Fisi amekupa nini?"

"Dada, ningekuwa nimehongwa, leo ningelala juu ya mayai yangu kwenye mti huohuo?"

Kanga wakatazamana. Cheke-cheke-cheke, wakarudi. Kigong'ota akayaatamia mayai yake, akafumba macho.

Fisi akalenga. Ta!

BUUUUM!

Mtutu ukachanuka kama ganda la ndizi. Kitako cha gobori kikamsukuma, akaangukia makalio, puu! Tangu siku hiyo mgongo wake umeteremkia nyuma, na akikumbuka hucheka hovyo. Bi Mashavu alikwenda kwao jioni ileile.

Kigong'ota akatua karibu. "Pole, shemeji."

"Jirani," Fisi akanong'ona, "niambie kweli. Nani aliniibia baruti yangu?"

"Hakuna, shemeji. Ilikuwamo yote."

Hadithi nimeitua hapa, mwenye mabega aibebe.

Na funzo, wajukuu zangu: mali yako ipime kila uamkapo, wala usimwamini mtu, ila jirani mpole. Fisi alifanya hivyo, na hakuibiwa hata chembe.

Sasa leteni mwanga. Mbona mihogo yangu imepungua?