Msikilizaji wa Bomba

Mtu mmoja wa milima ya Upare alikuwa na nondo. Ilikuwa nondo ya kawaida, ya kujengea nyumba, urefu wake sawa na kimo chake, na kwenye ncha ya juu alikuwa ameifunga kibao kidogo ili chuma kisimuumize sikio. Jina lake Senkondo. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa bomba la kijiji, lile linalotoka kwenye chanzo msituni, likapita chini ya mashamba ya tangawizi na kuishia kitongoji cha mwisho bondeni, penye zahanati. Bomba likipasuka chini ya ardhi, Senkondo alichomeka nondo udongoni mpaka iliguse, akaweka sikio kwenye kibao, akafumba macho. Halafu alisema, "Chimbeni hapa." Wakachimba, wakakuta maji yanatoka.

Kazi hiyo haifanyiki penye makelele, kwa hiyo watu wa kijiji walikuwa na desturi yao. Wakimwona Senkondo ameinamia nondo, walinyamaza. Waliokuwa wakilima walisimamisha majembe. Mwenye redio aliizima. Mama aliyebeba mtoto anayelia alimnyonyesha palepale njiani. Siku ambayo mzee aliipenda zaidi kwa kazi ilikuwa Jumapili, saa ya ibada ya pili, koki zote zikiwa zimefungwa na watu wako kanisani. Ndiyo maana kwa miaka mingi hakusikia mahubiri, na wachungaji watatu walihamishwa mmoja baada ya mwingine wakimwacha hajaokoka. Mimi simlaumu. Nawafahamu wengi wanaosikia mahubiri kila wiki, na bado wanavuja.

Vijana walimwomba awafundishe. Aliwajibu kwamba masikio hayafundishwi. Hakuwa mtu mbaya, na mlangoni kwake hakuna aliyewahi kuondoka na njaa. Ila kazi hiyo alikuwa ameipata peke yake, kwa kuchimba bure na kutukanwa, na aliona si haki mtu mwingine aipokee mkononi kama anayepewa kikombe cha chai. Tena, tuseme kweli, aliupenda ule ukimya. Kijiji kizima kikinyamaza kwa ajili yako, ni vigumu kumwachia mwingine nondo.

Masikio yakaanza kumwacha. Kwanza hakuwasikia ndege. Kisha hakumsikia mkewe akimwita kutoka jikoni. Mkewe alidhani ni kiburi cha uzee, akanuna, mpaka siku alipotambua, akalia peke yake, na tangu hapo akawa anamwendea na kumgusa bega. Mwisho maji nayo yakanyamaza. Senkondo hakumwambia mtu. Aliendelea kuinama, kufumba macho na kutaja mahali kwa kumbukumbu, maana alijua kila kiungo kilipofukiwa na kipi kilifungwa vibaya. Miaka miwili alibahatisha akapatia. Mwaka wa tatu bahati ilimwishia.

Maji yakaacha kufika kitongoji cha mwisho. Wanawake wa kule wakarudi kuchota mtoni, mahali wanaponyweshea ng'ombe, na muuguzi wa zahanati akawa anawaambia wajawazito waje kujifungua na ndoo zao. Mashimo kumi na moja yalichimbwa, yote makavu. Hakuna aliyemlaumu Senkondo mbele yake. Walisema udongo umebadilika. Lakini kamati ya maji ilikaa, ikaamua: mvujo usipopatikana kabla kiangazi hakijaisha, tawi la bondeni litafungwa, ili walau watu wa juu wapate. Senkondo alikaa mwisho wa ule mkutano, akaona mikono ikinyooshwa, akajua maana yake bila kusikia neno.

Mwaka huo chuo cha maji kilikuwa kimeanza kuwapeleka wanafunzi wake kwa watu wenye uzoefu, mmoja kwa mmoja, wakae nao miezi miwili. Naelijwa aliangukia kwa Senkondo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, wa kwanza kwao kufika chuo. Alijua kupiga hesabu ya presha ya maji kutoka chanzo hadi koki ya mwisho, ingawa hakuwahi kushika sepetu. "Shikamoo mzee," alisema, "nimekuja kujifunza kwako." Senkondo aliona midomo ikitembea, akaitikia marahaba, akampa daftari abebe. Nondo hakumpa.

Wiki tatu walitembea hivyo. Mzee anainama, anafumba macho, anasema, "Hapa pazima," na msichana anaandika: pazima. Akiuliza swali, mzee anatikisa kichwa na kuendelea na safari. Naelijwa akadhani anadharauliwa. Jioni mzee alimuuliza kama ameelewa, naye aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, kwa kuwa aliogopa kurudi chuoni na fomu ya mafunzo isiyo na saini ya mzee. Basi wakawa watu wawili kwenye njia moja, mmoja akificha kwamba hasikii, mwenzake akificha kwamba haelewi, na maji yakiendelea kupotea chini ya miguu yao. Sijui, mniambie ninyi ni yupi kati yao alikuwa na kosa kubwa zaidi. Mimi nimewahi kuwa wote wawili.

Jumapili ya nne kamati nzima iliacha ibada ikaja shambani, na watu wengi wakaifuata, maana kiangazi kilikuwa kimebakiza siku kumi. Walisimama kando ya matuta ya tangawizi, wakanyamaza. Senkondo aliinama muda mrefu. Akainuka, akasema, "Hapa pazima. Twendeni." Udongo mkavu ulikuwa umeikaza nondo, mzee akaivuta, ikakataa. Naelijwa aliinama kumsaidia, na kibao kikamgusa sikio. Hakukiondoa. Alibaki ameinama hapo, jicho limemtoka, na watu wakaguna, kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuweka sikio pale isipokuwa mwenyewe. "Binti, heshima!" akasema mwenyekiti wa kamati. Lakini Naelijwa alikuwa amekwisha kusikia. Humo ndani mlikuwa na sauti, tena kubwa, ambayo mtu yeyote mwenye masikio angeisikia. Akamgeukia mzee amwambie, akaona jinsi mzee anavyoutazama mdomo wake. Hapo ndipo alipojua kwa nini maswali yake hayakuwahi kujibiwa.

Angeweza kutamka mbele ya watu. Angesifiwa siku hiyohiyo, na ripoti ya chuo ingekuwa nzuri. Lakini alimwonea mzee huruma, akajionea na yeye huruma, kwa sababu sauti alikuwa ameisikia na hakujua ni ya nini. Akafungua daftari, akaandika, akamsogezea mzee ili wengine wasione: Mzee, kuna sauti hapa. Siijui ni ya nini. Wiki zote hizi nimekudanganya kwamba naelewa.

Senkondo alisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Alipomaliza akaanza upya. Midomo ilimcheza, na watu wakadhani anaomba. Kisha akasema, na kwa kuwa hakujisikia mwenyewe, alisema kwa sauti kubwa ambayo shamba zima liliipata:

"Mwanangu, mimi sisikii tena. Wewe sikia, mimi nitakueleza ulichosikia."

Hakuna aliyecheka. Mkewe, aliyekuwa nyuma ya watu, alijifunika uso kwa khanga. Mwenyekiti alitazama chini, akakumbuka mashimo kumi na moja, na kwanza alikasirika, kama ambavyo ningekasirika mimi. Halafu akamwangalia mzee aliyesimama peke yake katikati ya matuta, mikono mitupu, kwa sababu nondo ilikuwa tayari kwa msichana. Hasira ikamwisha.

Wakaanza kazi palepale. Mzee aliuliza kwa mdomo, Naelijwa alijibu kwa daftari. "Inalia kama mafuta kikaangoni, au kama mvua juu ya bati?" Akaandika: mvua. "Basi maji yanapita hapa kwenda kupotea mbele. Mvujo wenyewe hukaanga. Shuka nayo." Wakashuka. Penye mwinuko aliandika: kama mtu anayekoroma. Mzee akatabasamu, mara ya kwanza tangu msichana afike. "Hiyo ni valvu ya hewa. Iache, inapumua tu."

Siku iliyofuata Naelijwa alisikia mafuta kikaangoni, akapiga kelele wachimbe. Wakachimba shimo la kumi na mbili, wakakuta bomba zima, kavu kwa nje, limekunja kona. Wanaume walitupa majembe. Mmoja alisema ni afadhali kiziwi mwenye uzoefu kuliko msomi mwenye masikio. Naelijwa alikaa kwenye udongo akalia, wala hakujificha. Senkondo hakuwa amesikia tusi, lakini aliyaona majembe. Akashuka mwenyewe ndani ya shimo, akasimama humo. "Shimo hili ni langu," alisema. "Sikumwambia kwamba kona nayo hukaanga, watu wakiwa wamefungua koki. Koki zikifungwa, kona hutulia. Mvujo hautulii." Akamwomba mwenyekiti kijiji kizima kifunge koki kwa muda wa saa moja, siku ya kazi, jambo ambalo halijawahi kuombwa. Mwenyekiti alikuna kichwa. Akatuma watu nyumba kwa nyumba.

Siku ya tatu, koki zikiwa zimefungwa, waliukuta mvujo chini ya ukuta wa mawe wa shamba la zamani. Pale hapakuwa na kiungo, kwa hiyo mzee asingepataja kwa kumbukumbu hata angeishi miaka mia. Pale Naelijwa alisikia kikaango na mvua kwa pamoja, na kama angekuwa peke yake angepita, maana chuoni hakuna aliyemwambia kwamba sauti hizo zikichanganyika hivyo, maji yameingia mwambani. Ni Senkondo aliyemwambia. Mzizi ulikuwa umelibana bomba mpaka likapasuka, na maji yalikuwa yakishuka kwenye ufa wa jiwe hadi mtoni bila kulowesha udongo. Waliliziba bomba, wakayaruhusu maji kidogo kidogo ili hewa itoke isije ikalipasua tena. Msichana alitaka kufungua valvu yote kwa furaha. Mzee alimshika kiwiko, akamwonyesha kwa vidole: robo mzunguko, ungoje, robo tena.

Wakateremka hadi kitongoji cha mwisho. Wanawake walikuwa wamepanga ndoo tangu asubuhi, na muuguzi alikuwa amesimama nao. Koki ikakohoa, ikatema hewa, ikatema kutu, kisha maji yakaja. Vigelegele vikapigwa. Senkondo alikuwa nyuma ya watu na hakuona koki. Aliona tu migongo, akaogopa. "Yamefika?" akauliza. Naelijwa hakuandika chochote. Alimshika mkono, akampitisha katikati ya watu, akauweka mkono wake chini ya maji. Mzee alisimama hivyo mkono wa shati ukilowa hadi kiwikoni, machozi yakimtoka mbele ya wanawake, na ndoo ya kwanza haijajaa. Mtu mmoja akataka kumsogeza. "Mwacheni baba wa watu," akasema muuguzi. "Tumengoja mwaka mzima, tutashindwa kungoja dakika tano?"

Wiki zilizobaki walikwenda pamoja, mzee amekaa kwenye jiwe, binti ameinama. Fomu ilisainiwa. Mwaka uliofuata chuo kilileta wanafunzi wanne, na Senkondo akalalamika kwamba daftari zinamchosha macho, akawapokea wote. Sasa wanne wanasikia na mmoja anajua, na kila mwaka wanaojua wanaongezeka.

Ndugu zangu, nimewasimulia haya kwa sababu naziona mvi hapa ndani, na za kwangu zimo, na nje ya mlango huu naona vijana wenye vyeti wanaotembea na daftari tupu. Ninyi mliojenga, mliochimba, mlioharibu mkatengeneza, basi niambieni: mtu akiletewa masikio mapya hadi mlangoni kwake, anaogopa nini kuyaeleza yanachosikia?