Kitambaa cha Mlango wa Maabara

Sogezeni viti, niwape mkasa ambao tangu niusikie haujanitoka kichwani. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawageukia ninyi.

Katika shule moja ya sekondari milimani Lushoto walikuwapo wanafunzi watatu wa kidato cha nne. Zuberi alijaliwa mdomo: akikueleza jambo unalielewa hata kama hukutaka. Erasto alijaliwa ufundi, na redio iliyomshinda fundi wa sokoni yeye aliiwasha. Mwantumu alijaliwa sindano. Nusu ya makochi ya kijijini yalivaa vitambaa alivyodarizi yeye.

Mwalimu wao wa Baiolojia, Rukia Shemdoe, alikuwa mmoja tu shule nzima. Mwaka ulipoanza aliteleza kwenye tope, akavunjika mguu, akalazwa Tanga. Kitandani hakuulilia mguu. Alililia darasa, kwa sababu Baiolojia ndilo somo walilokuwa wakishika mkia nalo wilayani, na sasa hawakuwa hata na wa kuwashikia chaki.

Zuberi aliwatazama wenzake wakipiga soga kipindi kizima, ikamkera. Akaazima kishikwambi cha mwalimu wa zamu, akasoma mada moja moja mpaka ikamkaa, kisha akajirekodi akifundisha. Alifundisha kama Mwalimu Rukia, na makaripio yake yote hakuyaacha. Sauti ilipokauka alikunywa tangawizi, akaendelea.

Lakini kishikwambi kimoja hakitoshi darasa zima. Erasto akaitoa stoo kompyuta iliyosahaulika, akaifufua, akaweka humo masomo ya Zuberi ili vishikwambi vyote vya shule viyapate bila bando. Kila mada akaitengenezea msimbo wa QR, ule mraba wenye vidoa vyeusi na vyeupe. Unaelekeza kamera, somo linafunguka. Wakachapa karatasi, wakabandika: somo la majani kando ya bustani, la mmeng'enyo wa chakula ukutani mwa jiko, la moyo mlangoni mwa maabara.

Hapo wakafanya ujinga. Gundi hawakuwa nayo, wakabandika kwa uji mzito wa unga wa mahindi. Kulipokucha, mbuzi wa jirani walikuwa wamekula mmeng'enyo wa chakula, wakalamba na ukuta. Karatasi zilizobaki zililoana kwa ukungu, na wino wa shule ulikuwa umekwisha.

Mwantumu akachukua kitambaa cheupe na uzi mweusi, akauhamisha msimbo doa kwa doa. Cha kwanza alikipamba kwa ua kwenye kona, kishikwambi kikagoma kukisoma, kwa kuwa kamera huanza kwa kutafuta alama za kwenye kona. Akafumua. Akashona upya, ua dogo akaliweka katikati, kikakubali. Alidarizi mpaka kila mada ikapata kitambaa chake. Mbuzi walikuja, wakanusa, wakaenda zao.

Mwalimu Rukia alirudi na magongo, amejiandaa kulikuta darasa limekufa. Mlangoni mwa maabara akaona kitambaa, mtu akampa kishikwambi, akakielekeza. Sauti ya Zuberi ikasema, "Moyo ni pampu. Wewe wa dirishani, moyo wako uko humu ndani, hauko huko nje." Ilikuwa lugha yake mwenyewe. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Matokeo ya mtihani wa majaribio yalipotoka, shule hiyo iliongoza wilaya kwa Baiolojia. Mwalimu Rukia alipita sokoni polepole makusudi, apate kupongezwa na kila mtu. Mguu ulimuuma, kifua kilimjaa.

Kisha ukaja ujumbe wa wafadhili waliosikia habari hizo: watamsomesha mpaka chuo kikuu mwanafunzi aliyeliokoa somo. Mmoja tu. Wazazi wa wale watatu ni wakulima wa kabichi, hakuna ambaye angeweza kumfikisha mwanawe huko. Mkuu wa shule akasema jina litoke kwa Mwalimu Rukia, siku hiyohiyo.

Mwalimu akawaita wale watatu maabara. Alitarajia japo mmoja angejirudisha nyuma kwa haya. Hakuna aliyejirudisha, na kusema kweli jambo hilo lilimfurahisha.

"Mwalimu, kinachofundisha ni sauti yangu," alisema Zuberi. "Kitambaa hakijui moyo ni nini."

"Na bila mimi sauti hiyo ingebaki kwenye kishikwambi cha kuazima," alisema Erasto.

Mwantumu alingoja wamalize. "Kazi zao wote wawili ziliishia tumboni mwa mbuzi, Mwalimu. Yangu hiyo hapo mlangoni."

Mwalimu Rukia akainuka na magongo yake. Akakifunika kitambaa kwa mtandio, akaelekeza kamera: kishikwambi kikanyamaza. Akafunua, akamwambia Erasto azime kompyuta: kamera ikauona mraba, lakini hakikufunguka kitu. Ikawashwa, akataka sauti ya Zuberi iondolewe: ukafunguka ukurasa mtupu. Akarudisha kila kitu mahali pake, na moyo ukaanza kufundishwa upya.

"Ninyi wote ni fahari yangu," aliwaambia, "na leo mmenipa kazi ngumu kuliko kuvunjika mguu."

Akaketi, akashika kalamu. Nje mkuu wa shule alikuwa anabisha hodi, amekuja kuchukua jina.

Haya, mnaonisikiliza, wakubwa kwa wadogo: kalamu hiyo ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Na wale wawili waliobaki, ungewatazamaje usoni?