Sahani ya Kwanza ya Mwanamize

Hapo zamani, enzi ambazo mtu alikwenda kwenye shughuli na heshima zake, si na mfuko wa kuficha wali, palikuwa na mpishi aitwaye Mwanamize.

Mji wao ulikuwa na desturi. Mpishi akifunua sufuria lake la kwanza la shughuli, sahani ya kwanza humpelekea aliyemfanya awe mpishi. Mmoja tu. Na atakayeipokea, siku akifa, mpishi huyo ndiye atakayempikia hitima, bure. Basi wazee wasio na watoto waliitazama sahani hiyo kama mtu anavyoitazama sanda yake: hata ukiikunjia uso, utaihitaji.

Sufuria la kwanza la Mwanamize lilikuwa la arobaini ya mama yake mwenyewe, mama ambaye hakuwahi kuonja wali wa bintiye. Akafunua. Mvuke ukampiga usoni, naye akaushukuru, maana uliyaficha machozi. Akapakua, akageuka. Loo! Wazee wawili wameshanawa mikono.

"Lete huku, mwanangu," akasema Mzee Kibwana. "Ulikuja barazani kwangu mara moja, umepata kazi kwa tajiri, hujui uishike au uiache. Nikakwambia: acha mshahara, nenda kwenye masufuria. Mwezi haukuisha, tajiri kafilisika, watumishi wake wakarudi kwao kwa miguu. Neno langu ndilo lililokufikisha hapa."

"Neno moja, sahani nzima!" akadakia Fundi Hizza, aliyemfundisha Mwanamize kupika. "Ungesema mawili, Mzee, ungedai na sufuria!"

Watu wakacheka, wakakumbuka wako kwenye msiba, wakajitia kukohoa.

"Mimi sikumwambia aende wapi," Fundi akaendelea. "Nilimsimamisha mbele ya moto, nikamwuliza: sufuria linasema nini? Akikosa, tunaanza upya. Akikosa, tunaanza upya. Mpaka akajua wali umekauka kwa kusikiliza tu. Nusa sahani hiyo, Mwanamize. Mkono wako nimeunoa mimi."

Kweli tupu. Ila Mwanamize alikumbuka pia siku mama yake alipozidiwa, naye akawa analia juu ya sufuria. Fundi alimwambia, "Geuza uso, chumvi imeshatosha."

Wa tatu, Bi Mwanahawa, alikaa ukingoni mwa mkeka, khanga imepauka, mikono mikavu.

"Mimi sikumfundisha hata kumenya kitunguu," akasema. "Nilitembea naye tu."

Alitembea naye miaka, shughuli hadi shughuli, yeye akiwa mpishi. Na siku Mwanamize, akiwa msaidizi wake, alipounguza wali wa harusi ya mtoto wa liwali, Bi Mwanahawa ndiye aliyesimama mbele ya watu akasema, "Mkono ulioharibu ni wangu." Tangu hapo hakuna aliyemwita kupika. Sasa anakunywa uji wa majirani.

Lakini ni yeye pia, kila Mwanamize alipomwomba ruhusa ya kufunua sufuria lake mwenyewe, aliyesema, "Bado, mwanangu, hujaiva. Ukianguka tena, sina jina jingine la kukukinga nalo." Bado. Bado. Bado, mpaka mama akafa.

"Mama uliyemchelewesha asile wali huu ndiye tunayemsomea leo," Fundi akamchoma.

"Najua," akasema Bi Mwanahawa. "Ndiyo maana sijanawa. Lakini nikifa, Fundi, sina mwingine wa kunipikia."



Mwanamize akautazama mkeka aliokuwa akikalia mama yake, sasa mtupu. Fundi akayaona macho yake. "Marehemu hali wali, binti yangu. Wala hafi mara ya pili."

Na desturi haikuwa na huruma: sahani ikipoa mikononi mwa mpishi, hapiki tena katika mji ule. Mvuke ulishakuwa mwembamba kama uzi. Mwanamize akapiga hatua moja, akasimama.

Haya, nyie mnaosikiliza mkiwa mmeshiba! Yupo aliyemwonyesha njia, yupo aliyemnoa mkono, yupo aliyemkinga akamchelewesha. Je, sahani ile ni ya nani? Semeni upesi, wali unapoa.